Trei ya Mayai na Washa ya Tatu

Nasra, mwanangu,

Nilianza kwa kukuuliza hali, kama barua zinavyotaka, kisha nikaukata mstari. Hali yako naijua. Nakusikia hapo sebuleni unabishana na mama yako juu ya begi: wewe unasema kilo zimezidi, yeye anasema mizani ndiyo mbovu. Mizani hiyo ni mbovu kila anapopanda yeye, lakini usimwambie kuwa nimesema mimi. Jua la Alasiri bado limo dirishani, ndege yako ni kesho asubuhi, na mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kwamba najaza fomu ya kazini. Hakuna fomu. Nakuandikia wewe.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kumheshimu shangazi yako huko Dar, ya kupiga simu kila Ijumaa, mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miezi miwili na leo nalitua, na wallahi hata kabla sijafika katikati ya ukurasa nasikia mabega yanapata nafasi.

Ni habari ya pikapu. Unajua kwamba imepona. Hujui ilikuwa inaumwa nini, kwa sababu sikukwambia.

Hebu turudi kwenye ile Ijumaa tuliyobadilisha nozeli. Kabla ya hapo gari lilikuwa linawaka kwa taabu, linatoa moshi mweusi, linanguruma limesimama kama mtu mwenye pumu. Wewe ndiye uliyesema tusikisie, tupime. Ukafunga mipira minne myembamba ya mafuta kwenye chupa nne tupu za maji, mpira mmoja kwa kila nozeli, tukawasha injini. Chupa ya tatu na ya nne zikajaa mbio, nyingine zikabaki na mafuta kidogo tu chini. Ukasema, "Baba, hizi mbili zinarudisha dizeli badala ya kuipuliza ndani." Nilikutazama nikasema moyoni, huyu mtoto kanirithi mimi kweli. Sikukwambia. Ningekwambia ningepungukiwa nini?

Tukaamua kubadilisha zote nne, na tukaamka baada ya Alfajiri kuliwahi joto. Uliumwagia maji ua wote ili vumbi lilale, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye nozeli umekwisha, na hapa Doha mchanga unaingia hata kwenye jokofu. Tukatundika shuka mbichi pande mbili za gari. Mama yako mpaka leo anauliza shuka zake za maua zilipata wapi harufu ya dizeli. Endelea kutojua.

Na wewe ulileta ile trei ya mayai. Mimi katika maisha yangu ya ufundi nilikuwa natupa boliti kwenye kopo moja, mwisho wa kazi najua mwenyewe. Wewe uliandika kwa kalamu juu ya trei 1, 2, 3, 4, na kila kilichotoka kwenye silinda ya kwanza ukakilaza kwenye mstari wake: boliti, kibano, nozeli kuukuu, na ile washa ya shaba inayokaa chini kabisa ya nozeli kuzuia moto wa injini usipande juu. Nilikucheka. Nikasema, "Tunafungua injini au tunauza mayai?" Ukacheka na wewe, lakini hukuacha.

Kazi tuligawana. Mimi natoa nozeli na kusafisha mashimo, wewe unapanga, unavisha washa mpya na kunikabidhi. Ndipo uliponiambia yale maneno. Nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu kwa miezi miwili yamekuwa yananiamsha.

"Baba, washa za zamani ziko tatu. Ya shimo la tatu haipo."

"Imeanguka."

"Imeanguka wapi? Chini nimetazama, sijaiona."

"Nasra! Mimi nilikuwa nafungua injini wewe hujazaliwa. Nipe mpya tukaze, jua hilo linakuja."

Ukaivisha nozeli washa mpya. Ukasema, "Sawa, Baba," ukanipa.

Tochi yangu ilikuwa inakufa betri. Nilimulika shimo la tatu, nikaona chini pako sawa, peusi, nikasema ndiyo hivyo hivyo. Nikashindilia nozeli mpya, nikakaza.

Akaja jirani yetu Shaji na mashine yake ya kupimia, maana hizi nozeli za siku hizi kila moja ina namba zake ndefu, na usipoziingiza kwenye kompyuta ya gari haziko radhi kufanya kazi. Ukamsomea zile namba zote nne, herufi kwa herufi, hukukosea hata moja. Shaji akanambia, "Binti yako mia mia." Nikajibu, "Anajaribu jaribu." Anajaribu jaribu! Mtume! Ulimi huu!

Tukawasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Nusu dakika ya furaha. Kisha ile sauti, chu, chu, chu, na harufu ya moto ikipanda kutoka juu ya injini. Shaji akainamisha sikio, akanyoosha kidole. "Namba tatu. Washa."

Mama yako alikuwa mlangoni na chai. Wewe ulikuwa umeishika trei. Na mimi, mtu mzima, baba wa mtu, nikasema mbele yao wote: "Washa aliweka Nasra."

Ungeweza kusema, "Lakini Baba, nilikuuliza." Ilikuwa haki yako. Mama yako angenishukia palepale, chai ingemwagika. Hukusema. Ulisema, "Labda sikuikalisha vizuri. Samahani, Baba." Na mimi nikajibu, "Haya. Siku nyingine uwe makini." Halafu ukaenda bombani kunawa, ukanawa muda mrefu sana.

Nikakaza tena, sauti ikapungua, nikajidanganya imekwisha. Wiki mbili haikufika, ikarudi na ukali zaidi. Nikalifunika gari kwa turubai nikasema nitaliangalia joto likipungua. Wewe ukawa hutoki tena uani. Nikikuita unishikie spana unasema unasoma. Kisha siku ile ukaniletea fomu ya chuo nitie sahihi. Mwaka mzima ulikuwa unasema uhandisi wa mitambo, uhandisi wa mitambo, mpaka mama yako akawa anakuita Fundi. Nikasoma: uhasibu. Nikakuuliza vipi. Ukasema, "Nimefikiria tu, Baba. Mikono yangu si ya mashine."

Nikatia sahihi.

Utaniuliza, je, wakati huo nilijua? Nitakwambia ukweli, kwa kuwa barua hii ndiyo kazi yake. Nilijua nusu. Swali lako lilikuwa limenikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni: ya shimo la tatu haipo. Fundi anayelifunika gari zaidi ya mwezi na huku spana ziko ndani ya nyumba hasubiri joto lipungue. Anaogopa kufungua. Ningefungua ningeona, na nikiona itabidi niseme.

Ijumaa iliyopita, mlipokwenda Lusail kumuaga rafiki yako, nikabaki peke yangu na lile turubai linanitazama. Nikasema, leo ama zangu ama zake. Nikalivua. Nikamwaga maji uani, nikatundika shuka (nyingine, ndiyo), nikatoa nozeli ya tatu. Ilitoka na masizi yameganda kama lami, na washa yako mpya iko mahali pake, imekaa sawasawa. Nikamulika shimo kwa tochi mpya. Chini kabisa, pale peusi niliposema ndiyo hivyo hivyo, kulikuwa na duara. Nikachukua waya, nikaukunja ncha, nikavuta. Ikang'oka. Nikaisugua kwenye suruali, ikang'aa shaba.

Washa kuukuu. Haikuanguka popote. Nilikuwa nimeweka mpya juu ya ya zamani, nozeli ikakaa juu kuliko inavyotakiwa, na moto ukapata pa kupenya. Wewe uliweka washa yako vizuri. Kusafisha shimo ilikuwa kazi yangu.

Nilikaa chini palepale kwenye maji, Nasra. Kisha nikaenda stoo kuitafuta ile trei ya mayai, nikaikuta nyuma ya feni mbovu. Mistari yote iko kama ulivyoipanga. Na chini ya namba tatu, kwa mwandiko wako ule wa kulala upande: *Washa ya zamani haijaonekana. Nimemuuliza Baba.*

Nimemuuliza Baba! Nikacheka mwenyewe kwa sauti, jirani wa upande wa pili akachungulia dirishani. Nilicheka kwa kuwa nilikuwa nimekamatwa, na kwa kuwa kweli, pamoja na aibu yote, nilifurahi. Mikono yako haikukosea. Ningekuta umekosea wewe, ningekusamehe na ingekuwa basi. Lakini kukuta ulikuwa sawa tangu mwanzo, ukiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na trei ya mayai, loo! Machozi yakanitoka na dizeli mkononi, nikajipangusa, ikaniwasha macho nusu saa. Nimelipwa hapohapo.

Nikasafisha shimo mpaka chini, nikatia washa mpya moja, moja tu, nikakaza kwa spana ya kupimia, nikapampu dizeli mpaka hewa ikatoka. Nikageuza ufunguo. Ikawaka mara moja. Nikasimama pale naisikiliza kama mtu anayesikiliza mwanawe aliyeugua akiomba chakula.

Mkarudi. Nikawaambia imepona. Ukauliza, "Ilikuwa nini, Baba?" Nami nikasema, "Kitu kidogo tu." Ukashika kifua, ukasema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa naona haya kuondoka nikaliacha gari lako bovu kwa ajili yangu."

Na mimi nikakujibu, "Usijali."

Usijali! Nimekuwa mkarimu, ninasamehe! Usiku ule sikulala, na kila nilipogeuka nilijiita jina ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya mtoto.

Nataka nikusimulie kitu cha babu yako wa Tanga, baba yangu. Nilikuwa kijana mkubwa, nina leseni tayari, pampu yake ya baiskeli ikapotea. Akasema nimeichukua mimi nikampa rafiki. Niliapa, hakusikia. Miezi ikapita, ikaja safari yangu ya kuja huku. Siku ya kuondoka nilimshika mkono nikaomba radhi kama tunavyofanya sote, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Nimekuwia radhi, dunia na akhera." Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaondoka na donge hapa kifuani, kwa sababu nilisamehewa kosa ambalo sikufanya, na mwenye kunisamehe alionekana mtu mwema. Miaka minne baadaye ami yangu ananipigia simu, habari za huko, habari za huku, halafu anasema, "Baba yako anakwambia ile pampu imeonekana. Ilikuwa juu ya dari." Basi. *Imeonekana.* Hakusema alinisingizia. Alikufa hajasema, na mimi nilimpenda na ninamwombea, lakini lile donge sikulitoa, nililizoea tu.

Babu yako alisema imeonekana. Mimi nimesema imepona. Unaona tunavyofanana? Na nilivyojiapiza kwamba mimi sitakuwa vile!

Na wala usidhani sijui kukiri kosa. Mwezi wangu wa kwanza hapa Doha, pale hoteli ya West Bay ninakofanya udereva, nilitia petroli kwenye basi dogo la dizeli. Tanki zima. Kijana wa pampu aliniuliza, mimi Kiarabu sijui, nikaitikia tu kwa kichwa, kwa heshima. Nilipogundua nilikwenda mbio kwa mudiri, meneja wetu, kabla hata sijaliwasha, nikamwambia, "Bosi, nimeharibu, ni mimi." Akafoka, tanki likamwagwa, kazi ikaendelea, na mpaka leo ananiamini. Kwa mudiri nilikiri ndani ya dakika tano. Kwako miezi miwili. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mudiri angeweza kunifukuza, na wewe huwezi. Yaani nimemkosea asiyeweza kunifanya kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko washa yenyewe. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini akiwa mwongo ni baba na anayedanganywa ni mtoto mwenye adabu, inaweza kurefuka mpaka Dar es Salaam.

Sasa nakuja kwenye kesho. Kesho asubuhi, kabla ya kutoka, utamshika mama yako mkono, kisha utakuja kwangu, utainama, utasema, "Baba, naomba radhi yako." Najua utasema, umelelewa hivyo. Na mimi nitatakiwa kujibu kama babu yako alivyojibu. Nimejaribu kulisema neno hilo chumbani humu, peke yangu, halitoki. Siwezi kukupa radhi kwa sauti kubwa, mama yako anafuta machozi, nami ndiye niliyekukosea.

Kwa hiyo nakutangulia. Nasra binti yangu, nakuomba radhi. Nilikusingizia. Nilikusingizia mbele ya mama yako na mbele ya jirani, kisha nikakuacha uamini. Washa ulikalisha sawa, swali uliuliza sawa, na trei yako ina akili kuliko kopo langu. Niwie radhi, mwanangu. Si lazima leo. Ukihitaji miaka minne, chukua, ila usilizoee donge kama mimi.

Habari ya uhasibu sikuamulii. Kama umeupenda kwa haki yake, uendee, watu wa hesabu wanahitajika na kiti chao kina feni. Lakini kama uliuchagua kwa sababu ya yale maneno yangu uani, basi ulichagua kwa kipimo kibovu, na kipimo kikiwa kibovu tunapima upya, wewe ndiye uliyenifundisha kwa chupa za maji. Juzi nilipiga simu chuoni. Dada aliyepokea alisema wiki za mwanzo mwanafunzi mwenye alama zinazofaa anaweza kuomba kuhamia fani nyingine, hakuahidi kitu. Alama zako zinafaa, nimeziangalia mara nne. Jina na ofisi ya kwenda nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ukiigeuza, igeuze. Usipoigeuza, sitauliza.

Mpango wangu ulikuwa niifiche barua hii chini ya begi, uisome ukiwa juu ya mawingu. Nimefika hapa nikajicheka. Hiyo ingekuwa kukwambia imeonekana kwa mdomo wa ami. La. Nikimaliza mstari wa mwisho natoka nayo kabla ya Magharibi, nakupa mkononi, na mama yako naye nitamwambia mwenyewe, chai imwagike inapotaka. Na Shaji nitamgongea mlango. Aliyesikia kosa asikie na lilipo.

Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo kizito. Ni ile washa kuukuu. Nimeisafisha. Usiivae shingoni kama wafanyavyo watu wa kwenye simu. Iweke tu mahali utakapoiona siku mtu mwenye sauti kubwa akikwambia kitu kimeanguka, na wewe umeshatazama chini.

Na ufunguo wa pikapu ni wako kesho. Leseni unayo, tangu ile Ijumaa hukuniomba ufunguo na mimi sikukupa. Mabegi nyuma, mama yako katikati, mimi dirishani. Uendeshe wewe mpaka uwanja wa ndege. Kwenye taa za kwanza zima redio, usikilize silinda ya tatu, halafu uniambie mbele ya mama yako imekaaje. Safari hii nitanyamaza mpaka umalize kusema.

Ni mimi baba yako, niliyeulizwa.